Mkono wa Kulia wa Caren Chepchumba

Huko kwenye miteremko ya Kaplong, mahali ambapo mashamba ya mahindi yanaanza kuachia chai nafasi, anaishi mama mmoja ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyemsikia akigusa gitaa. Wengi waliomfahamu katika miaka hiyo hawakujua hata kama aliwahi kuligusa. Jina lake ni Caren Chepchumba, ila majirani humwita Mama Cherotich, kwa jina la kifungua mimba wake. Ana umri wa miaka hamsini na saba, ng'ombe watatu wa maziwa, kipande cha chai nyuma ya nyumba, na mkono wa kushoto wenye vidole vitatu.

Gitaa alilijulia kwao, Merigi. Kaka yake mkubwa, Kimeli, alikuwa ameajiriwa katika shamba moja la chai upande wa Kericho, na huko wafanyakazi walikuwa na bendi yao ya Jumamosi. Alipokuja likizo alikuja na gitaa lililochubuka ubavuni, akalitundika ukutani, akakataza mtu yeyote asiliguse. Caren alikuwa na miaka kumi na mitatu. Aliligusa siku hiyohiyo.

Kimeli alipomfumania hakumkaripia. Alisimama mlangoni akamsikiliza kidogo, kisha akaketi na kumwonyesha jinsi wanaume wa kule walivyopiga: dole gumba likitembea kwenye nyuzi nene kama mtu anayepanda mlima bila haraka, na kidole cha shahada kikichezacheza kwenye nyuzi nyembamba. Ni vidole viwili tu vilivyofanya kazi. Vile vingine, alisema Kimeli, ni wageni, waache wakae.

Alipotimiza miaka ishirini Caren ndiye aliyekuwa akipiga gitaa kanisani kwao. Wazee kadhaa walinung'unika kwamba gitaa ni chombo cha walevi, na tena kiko mikononi mwa msichana. Mchungaji akawajibu kwamba yeye hajawahi kuona gitaa likinywa. Mambo yakaishia hapo.

Ni katika kanisa hilo Kipkemoi alipomwona. Alikuwa seremala kijana kutoka Kaplong, ameitwa kutengeneza madawati, kazi ya wiki mbili. Aliifanya kwa miezi miwili na nusu. Kufikia dawati la mwisho, kila mtu kanisani alikuwa ameshaelewa kilichokuwa kikimchelewesha, na hata mchungaji alianza kumwuliza kwa utani kama mbao zimegoma. Walioana mwaka uliofuata. Kimeli akampa dada yake lile gitaa kama zawadi ya harusi, na kwa miaka mingi, jioni ilipofika, Kipkemoi akipiga randa kwenye karakana yake kando ya nyumba, Caren alikuwa akiketi kizingitini na kumpigia.

Kisha ikaja siku ya mashine.

Walikuwa wamepata mashine ya kukatakata nyasi za ng'ombe, ile yenye injini ndogo ya petroli, ya kwanza katika kijiji chao. Ilikuwa Jumamosi. Caren alikuwa akiingiza nyasi za nepia mdomoni mwa mashine na Kipkemoi amesimama upande wa injini. Nyasi zikakwama. Kipkemoi akazima. Caren akainama, akazivuta zilizokwama, akatupa. Halafu injini ikawaka, na mkono wa kushoto wa Caren ulikuwa bado ndani.

Katika hospitali ya misheni madaktari walifanya walichoweza, na walichoweza hakikuwa kidogo: gumba lilibaki, kidole cha shahada kikabaki, na kile cha mwisho pia. Cha kati na cha pete vilikuwa vimekwenda.

Caren aliporudi nyumbani hakuikuta ile mashine. Kipkemoi alikuwa ameiondoa, na hakusema aliipeleka wapi. Alinunua panga jipya na kukata gogo la mkaratusi, na tangu siku hiyo kila jioni alikuwa akikatakata nepia kwa mkono, juu ya gogo, hata baada ya majirani wote kupata mashine za umeme, hata baada ya mgongo wake kuanza kumlalamikia. Watu walimwuliza, akawajibu kwamba nyasi za panga ni tamu kwa ng'ombe. Caren hakumwuliza. Na yeye naye hakumwuliza Caren lolote kuhusu ile siku. Jambo hilo lilikaa kati yao kama kiti ambacho hakuna anayekikalia na hakuna anayekitoa.

Gitaa Caren aliwapa vijana wa kanisa. Mkono wa kushoto ndio unaobonyeza nyuzi. Bila vidole utabonyeza kwa nini? Baada ya miaka michache hata hao vijana hawakujua lilikokwenda. Caren akajifunza kukamua upya, akajifunza kusuka nywele za binti zake upya, akajikaza kisabuni, na maisha yakasonga.

Sasa, mwaka juzi, Cherotich ambaye ni muuguzi Nakuru alimletea mama yake simu nzuri ili awe akimwona mjukuu. Mjukuu alikuwa mtu wa kulala mchana, kwa hivyo simu ikapata kazi nyingine. Caren aliitumia kutazama video za ng'ombe: jinsi ya kuhifadhi nyasi za kiangazi, jinsi ya kutambua ugonjwa wa matiti mapema. Na simu, kama ijulikanavyo, ukiiuliza neno moja inakujibu kumi.

Siku moja, baada ya chakula cha mchana, mvua ikipiga mabati, simu ilimletea msichana aliyeshika gitaa. Caren alikuwa karibu kumpitisha kwa kidole. Kuna kitu kikamsumbua machoni. Gitaa lilikuwa limekaa vibaya. Alidhani simu imegeuza picha, lakini maandishi kwenye fulana ya msichana yalisomeka sawasawa. Akaisogeza simu karibu. Yule msichana alikuwa wa mkono wa kushoto: kulia kwake ndiko kulikobonyeza nyuzi, na kushoto ndiko kulikozicheza.

Caren alitazama video hiyo mara nne. Kisha akautazama mkono wake wa kulia uliokuwa umelala magotini, mzima, vidole vitano, na kucha zenye weusi wa chai.

"Miaka kumi na tisa," alisema peke yake pale jikoni, "na sikuwahi kufikiria kugeuza."

Chini ya video kulikuwa na nambari ya simu ya wanaotaka kufundishwa. Ilimchukua siku mbili kuandika ujumbe, na aliufuta mara kadhaa kabla ya kuutuma. Uliokwenda ulisema hivi: *Habari ya mchana. Mimi ni mama wa miaka 57 kutoka Kaplong. Zamani nilikuwa napiga gitaa. Mkono ya kushoto niko na vidole tatu. Ya kulia iko sawa. Unaweza nifundisha ama nimechelewa?*

Jibu lilikuja kwa sauti. Msichana huyo alikuwa anaitwa Jentrix, anaishi Kitale, na alikuwa na sauti ya mtu anayekula huku akiongea.

"Mum, habari yako. Naomba uniambie kitu moja tu. Hizo vidole tatu zimebaki ni gani?"

"Gumba, ya shahada, na hii ndogo ya mwisho," Caren akajibu, naye kwa sauti.

Jentrix akajibu mara moja. "Basi mum, gumba na shahada ndio kazi yote. Vidole ya kubonyeza uko nayo kwa ule mkono mwingine. Tuanze Jumanne saa nane?"

Cherotich alipoambiwa, hakuuliza maswali mengi. Alikuwa na miaka tisa siku ya mashine, na alilikumbuka gitaa la mama yake kuliko alivyokumbuka shule. Ndani ya juma moja likafika kwa gari la vifurushi gitaa jeusi, jipya, likinuka gundi. Lilikuwa gitaa la watu wa mkono wa kulia, kwa kuwa ndilo lililopatikana. Jentrix akamwelekeza Caren kwenye video, uzi baada ya uzi, namna ya kuzifungua zote sita na kuzifunga upya kinyumenyume, mnene mahali pa mwembamba.

Nyumbani kwao kuko bondeni, na mtandao huko huja na kwenda kama kuku. Mtandao mzuri uko juu, kwenye kituo cha kununulia majani chai: kibanda cha mabati na mbao, wazi pande tatu, chenye mizani na ndoano za kutundikia magunia. Saa nane mchana kunakuwa na utulivu, kwa kuwa wachumaji bado wako shambani na lori la majani huja saa kumi na nusu. Huko ndiko Caren alikokwenda kila Jumanne na kila Ijumaa, gitaa mgongoni ndani ya gunia safi, akaisimamisha simu kwenye ubao wa mizani na kusoma.

Ilikuwa kazi ya kuudhi. Kichwa chake kilijua njia yote, mkono ndio uliokuwa mgeni. Alijua A inapokaa, alijua D inapokaa, mishiko yote ile ya vidole aliikumbuka kama majina ya watoto wake. Lakini vidole vya kulia vilikuwa vimekamua ng'ombe na kuchuma chai miaka arobaini; vilikuwa na nguvu ya kushika na havikuwa na akili ya kukaa kila kimoja mahali pake. Mkono wa kushoto nao ulishangaza. Gumba lilipoteremka kwenye nyuzi nene mara ya kwanza, lilitembea lenyewe, polepole, kana kwamba lilikuwa likingoja kuitwa.

"Hiyo style umeitoa wapi?" Jentrix alimwuliza akiwa ameacha kutafuna.

"Kwa kaka yangu."

"Usiibadilishe. Wanafunzi wangu wengine nawafundisha hiyo mwezi mzima na hawashiki."

Alikuwa na wanafunzi wanane, Caren akaja kugundua. Mmoja ni mchungaji huko Lodwar, mwingine polisi mstaafu wa Voi. Wote hawajawahi kukutana.

Mtu wa kwanza kijijini kujua habari hiyo alikuwa Bosibori, ambaye wazazi wake walikuja kutoka Kisii kufanya kazi ya chai na hawakurudi. Anauza ndizi na uji kando ya kituo. Alimwona Mama Cherotich akibembeleza gitaa mbele ya simu, akavumilia dakika kumi, kisha akavuka barabara.

"Mama Cherotich, unaongea na nani?"

"Na mwalimu wangu."

Bosibori akachungulia kioo. Jentrix akampungia mkono.

"Huyu ndiye mwalimu? Ako na miaka ngapi?"

"Thelathini na moja."

Bosibori alicheka hadi akajishika mbavu. Ijumaa iliyofuata alivuka barabara tena, safari hii na kigoda chake, akaketi akamenya ndizi na kusikiliza somo lote hadi mwisho.

Nyumbani mambo yalikuwa tofauti. Tangu siku gitaa lilipofika, Kipkemoi hakulisema vizuri wala vibaya. Alisaidia kulitoa kwenye boksi, akalikunja boksi, akatoka. Lakini kila mara Caren alipoketi kufanya mazoezi, mumewe alichukua koti na panga na kwenda kukata nepia mwisho kabisa wa shamba, hata kama ng'ombe wamekwisha kula. Mara ya kwanza Caren hakutia maanani. Mara ya tano alielewa. Akaanza kufanya mazoezi zizini baada ya kukamua, akipiga kwa sauti ya chini, kama mtu anayeficha pombe. Alijiambia kwamba huenda mumewe anaona aibu: mke mzima, mwenye mjukuu, anajifunza kwa mtoto wa watu kupitia simu. Wazo hilo lilimchoma kuliko nyuzi zilivyomchoma vidole.

Kisha gitaa lenyewe likakataa. Juu ya shingo ya gitaa kuna kipande kidogo chenye mifereji sita, kila mfereji na uzi wake, wa uzi mnene ni mpana na wa uzi mwembamba ni mwembamba. Caren alikuwa amegeuza nyuzi, lakini mifereji ilibaki ilivyokuwa. Uzi mnene haukuingia kwenye nafasi yake. Kila alipoubonyeza kwa nguvu uliruka nje. Uzi mwembamba nao uliogelea katika mfereji mpana na kulia kama nzi kwenye chupa.

"Mum, hapa hatuendi mbali," alisema Jentrix. "Hiyo kipande inafaa itolewe, itengenezwe ingine. Ni kazi ya mtu wa mbao, mtu wa mkono taratibu. Huko kwenu uko na fundi?"

Caren alitazama chini ya mlima, kwenye bati lililokuwa liking'aa kando ya nyumba yake.

"Niko naye," alisema.

Alikaa na maneno hayo siku tatu. Siku ya nne, asubuhi, baada ya kupeleka maziwa, alipiga moyo konde akaingia karakana. Kipkemoi alikuwa akipima mguu wa meza. Caren aliliweka gitaa juu ya benchi lake la kazi, katikati ya maranda, akamwonyesha kile kipande na kumweleza taabu yake. Kipkemoi alisikiliza bila kukigusa.

"Peleka Sotik," alisema. "Kuna vijana wanatengeneza."

"Wewe ndio fundi wangu."

"Hii si kazi yangu, Caren."

"Baba Cherotich, kama unaona aibu juu yangu, niambie. Nitaacha. Lakini niambie kwa mdomo. Usiniambie na panga kila siku."

Kipkemoi aliweka rula chini. Alikuwa mtu mrefu, na alipoketi kwenye gogo lake alionekana kama mtu aliyekunjwa. Nje kuku walikuwa wakiparura.

"Aibu ya nini?" alisema mwishowe. "Nikisikia hiyo gitaa, nasikia ile mashine. Hiyo tu. Nasikia nikiwasha."

"Kuna kitu nimekaa nayo," akaendelea, akizungumza na mikono yake. "Ile siku ulisema neno. Ulikuwa umeinama, na mimi nilikuwa nimeshika ile kamba ya injini. Nilisikia sauti yako, sikushika maneno. Nikavuta. Mpaka leo sijui kama ulisema washa ama ulisema ngoja. Nimejaribu kukumbuka. Usiku mwingine nasikia washa. Usiku mwingine nasikia ngoja. Na sikuwa na roho ya kukuuliza, kwa sababu ukiniambia ni ngoja, nitakaa wapi?"

Caren aliketi kwenye ncha nyingine ya benchi. Alikuwa akitazama miaka kumi na tisa ya gogo na panga, akiiona kwa mara ya kwanza jinsi ilivyokuwa.

"Nilisema washa," alisema.

Kipkemoi akainua macho.

"Nilikuwa na haraka. Tulikuwa na mazoezi ya kwaya saa tisa na nilikuwa nimechelewa. Nilitoa zile nyasi, nikasema washa, halafu nikaona kuna majani kidogo imebaki, nikarudisha mkono. Wewe uliwasha kwa sababu nilikuambia. Mimi nilidhani unajua. Miaka yote hii nilidhani umenikasirikia kwa vile nilifanya ujinga, nikaharibu mkono na nyumba ikabaki na kazi nusu."

"Ulisema washa."

"Nilisema washa, Kipkemoi."

Alimwita kwa jina, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu watoto wazaliwe. Kipkemoi alijipangusa uso kwa kiganja chenye vumbi la mbao, na vumbi likashikana pale lilipokuta maji. Hawakukumbatiana, si watu wa namna hiyo. Caren alitoka akarudi na chai, wakanywa palepale karakana, na walipomaliza Kipkemoi akalivuta gitaa karibu, akavaa miwani.

"Hii wameweka plastiki," alisema kwa dharau ya fundi. "Itaisha kwa mwaka."

Alimaliza siku mbili. Alitafuta mfupa wa paja la ng'ombe kwa mchinjaji, akauchemsha, akaukausha, akaukata kwa msumeno mwembamba na kuusugua kwa tupa na msasa hadi ukawa laini kama jino. Mifereji aliichonga mmoja mmoja, akiujaribu uzi, akiutoa, akichonga tena upana wa unywele mmoja. Caren alikaa naye akishika taa ya simu. Kile kipande kilipokaa mahali pake, uzi mnene ulilia sauti nzito, safi, isiyo na mtetemo wa ajabu. Kipkemoi hakutabasamu sana. Aliinamisha sikio, akamwomba Caren aukaze kidogo, kwa kuwa sikioni mwake sauti ilikuwa chini.

Caren akarudi kufanya mazoezi kizingitini.

Mwezi wa kumi na moja Jentrix aliwatangazia wanafunzi wake kwamba watakutana wote siku moja kwenye simu, kila mtu na wimbo wake mmoja, na wakaribishe jamaa zao. Muda uliowafaa wote, kutoka Lodwar hadi Voi, ulikuwa Ijumaa saa kumi. Saa kumi ndipo kituo cha chai kinajaa watu. Caren alimwomba Jentrix iwe saa nane, ikashindikana.

Basi siku hiyo alipanda mlima akakuta wachumaji wapatao thelathini na vikapu vyao, na Obure, karani wa mizani, akiwapanga. Bosibori alikuwa ameshamhifadhia nafasi kwenye benchi, na kwa kuwa hakuna siri kwa Bosibori, wote walikuwa wameshaambiwa. Wingu jeusi lilikuwa limesimama upande wa Kericho. Kipkemoi alifika na kikapu cha chai yao mgongoni, akakitua, akasimama nyuma ya umati.

Mchungaji wa Lodwar alipiga kwanza, kisha polisi wa Voi, ambaye alisahau katikati na kuomba radhi kwa utaratibu kama anayeandikisha taarifa. Wa tatu alikuwa Caren. Alianza wimbo aliofundishwa na Kimeli, wa mfanyakazi anayerudi kwao na kukuta njia imeota nyasi. Kidole cha pete cha kulia kilikosa mahali pake katika ubeti wa kwanza, akakirudisha. Alikuwa ameanza ubeti wa pili pale mvua ilipodondoka, ile mvua yetu isiyobisha hodi, na mtandao ukaondoka nayo. Uso wa Jentrix uliganda kwenye kioo, mdomo wazi. Kisha kioo kikawa cheusi.

Caren akaacha kupiga. Mvua ikapiga mabati.

"Kwani wimbo umeisha?" aliuliza mama mmoja kutoka mstari wa nyuma, kwa Kipsigis.

"Simu imekatika," Caren akasema.

"Sisi hatujakatika."

Watu wakacheka, wakasogea ndani kukwepa mvua, vikapu katikati yao. Obure akaacha mizani. Caren akaanza upya, tangu mwanzo, kwa nguvu zaidi ili asizidiwe na mabati. Wazee wawili walioujua wimbo huo tangu ujana wao waliuingia katika kiitikio, kwanza kwa kujaribu, kisha kwa vifua vyote. Yeye hakutazama watu. Alitazama mkono wake wa kulia ukipanda na kushuka shingoni mwa gitaa, ukikosea hapa na kupatia pale, na alijisikia kama mtu anayemtazama binti yake akitembea hatua za kwanza. Alipiga nyimbo tatu kabla ya lori kufika. Alipoinua kichwa alimwona Kipkemoi akiwa amesimama palepale. Hakuwa amekwenda popote.

Mtandao uliporejea kulikuwa na ujumbe saba wa Jentrix, wa mwisho ukiuliza kama yuko salama. Bosibori alikuwa amerekodi sehemu kubwa kwa simu yake, akaituma kila alikoweza, na baada ya siku mbili ilimfikia Kimeli, ambaye sasa ni mzee mstaafu huko Merigi na anasikia vizuri kwa sikio moja. Naye akajibu kwa sauti. Alisema ameisikiliza mara tatu, kwamba gumba linachelewa kidogo katika ubeti wa pili, na kwamba dada yake aje wakati wa Krismasi amrekebishe. Caren alimwahidi kwamba atakuja, na kwamba atamwonyesha gitaa la kushoto linavyoshikwa, ikiwa bado anaweza kujifunza.

Jumanne iliyofuata somo liliendelea kama kawaida. Jentrix alimwambia wakati umefika wa kujifunza F, ule mshiko ambao kidole kimoja hulala juu ya nyuzi zote sita, na ambao umewafanya wengi waliuze gitaa. Caren alikilaza kidole chake cha shahada cha kulia, akabonyeza hadi mishipa ikasimama. Nyuzi mbili zililia. Nne zikakaa kimya.

"Ni ngumu," alisema.

"Ni ngumu kwa kila mtu, mum. Mimi ilinichukua miezi tatu."

Caren aliutoa mkono, akaukunja na kuukunjua mara chache. Wachumaji wa kwanza walikuwa wameanza kupanda mlima. Akakilaza kidole tena.

"Basi tuhesabu hii ni siku ya kwanza," alisema, na kubonyeza.